Haikubali Kilemba

Saa mbili usiku Kibaigwa, umeme umerudi
na haujasema utakaa mpaka lini.
Kilewo anaingia mbio, kofia mkononi:
mizani yake imezimika
katikati ya gunia la sabini na moja.
Barabarani lori linanguruma, utingo anapiga mluzi,
wakulima wa Pandambili wamekalia alizeti yao
kama watu wanaongoja daktari.

"Sechelela, zitie moto. Nina saa moja tu."

Betri nne za nikeli, za kuchaji, nene kama kidole cha shahada.
Nazigusa kwanza. Zimeshinda juani
kwenye dashibodi, bado zina homa.
Nazilaza sakafuni, kwenye saruji, ubavuni mwa mtungi.
Kilewo anashika kichwa.
Dakika kumi, namwambia. Kaa.

Ndipo naziingiza, kila moja chumba chake,
kila moja na waya wake wa kuichungulia,
maana ukizifunga zote kamba moja
mwenye njaa humponza aliyeshiba.
Ampea mbili. Kwa umbo hili huko ni kukimbia,
nami nikiikimbiza betri sitoki mlangoni.
Saa ya mezani nimeitega dakika sabini:
hata nikisinzia, yenyewe itakata.

Tazama namba, Kilewo, kwa kuwa huna pa kwenda.
Moja nukta tatu nane. Moja nukta nne mbili.
Inapanda kama ng'ombe anayetoka lamboni,
tumbo limejaa, hana haraka na mtu.
Itafika juu, itasimama,
halafu itashuka.
Milivolti tano, basi. Ukipepesa macho imekupita.
Hivyo ndivyo betri inavyosema nimeshiba,
haina king'ora, haina kelele,
inarudi nyuma hatua moja
kama mgeni mwenye adabu anayesogeza sahani.

Ukiendelea kuisukumia,
moto haugeuki chakula tena, unageuka joto.
Ganda linachemka, kitundu chake kinafoka,
inakauka ndani kwa ndani,
na kesho itakuonyesha sura ya kujaa
ikakufia kwenye gunia la tatu.

Nyie mmezoea lumbesa.
Gunia limejaa, mnalishonea kilemba,
mnashindilia kwa goti, mnasema ongeza kidogo,
na mtu anaongeza kwa kuwa jua limezama
na nyumbani kwake ni mbali.
Betri haina kwao. Haikubali kilemba.

Kilewo anacheka. Halafu hacheki.

Dakika ya ishirini na nane, ya tatu inapata moto.
Namba yake haijashuka, imeganda tu, ni kuukuu hiyo,
imesahau namna ya kusema basi.
Lakini kihisi joto, kidogo kama punje ya mtama,
kinaniambia: digrii moja kila dakika, mfululizo.
Naweka kidole. Naitoa.

"Mizani haiwaki kwa tatu!"
Najua.
Nyingine zinashiba moja moja, dakika ya hamsini na tatu,
ya hamsini na nne, ya hamsini na saba,
nami nafungua redio yangu ya rafuni
nachomoa betri niliyoichaji jana.
Leo taarifa ya habari itanipita.

Sikumkabidhi. Nilizibeba mwenyewe mpaka kwenye magunia,
nikazipachika kwa mwanga wa simu ya mtu,
na nilipoinuka, sijui ilikuwaje,
uso wa mizani ulikuwa umewaelekea wakulima.

Kilewo hulipa kwa gunia.
Kilo huzipima kwa ajili ya tajiri wake wa Dar.

Gunia la sabini na moja likarudishwa juu.
Mama Nhonya akasogea, hana miwani,
akaniuliza hapo pameandikwaje.
Mia moja na kumi na nane, nikasoma.
Akaniomba nirudie, wa nyuma hawakusikia.

"Izime kwanza," Kilewo alisema, taratibu.

Nikamwambia betri zimeshiba vizuri,
zinaweza kukesha.